Namba za saa ya oveni zinafifia na oveni haipashi. Fundi anasema nitupe jiko. Naomba ushauri kabla sijatoa hela

#1 Keki za Raskazone

Habari za jioni wakuu.

Naandika nikiwa na oda ya keki ya harusi ya Jumamosi ijayo, ngazi tatu, na jiko langu limegoma kuoka. Niko Tanga. Jiko ni lile la kusimama, juu plate nne za gesi, chini oveni ya umeme, na katikati ya paneli kuna saa yenye namba nyekundu. Huu ni mwaka wa saba ninalo.

Ilianza mwaka jana kwa namba kufifia. Mchana ilinibidi nizikinge kwa kiganja ndiyo nizisome. Nikasema ni uchakavu tu, saa naiangalia kwenye simu, sikujali. Mwezi huu limezuka jipya. Nikiwasha oveni, namba zinazama karibu zizimike kabisa, nasikia tik, tik, tik nyuma ya paneli, halafu saa inarudi 0:00 na kuanza kupepesa. Juzi niliweka mkate wa kumimina, umekaa dakika 50, juu mweupe, katikati uji. Mchele, nazi na hiliki yote nimemwaga.

Fundi wa kwanza alikuja, hakufungua hata skrubu moja. Akasema "koili imekufa". Akataka laki na ishirini. Wa pili akaweka testa kwenye koili akaniambia koili ni nzima, tatizo ni saa, na saa ya jiko hili haipatikani, nitafute jiko jipya. Dukani nilikouliza wanasema saa wanaweza kuagiza, laki mbili na nusu, wiki sita.

Mimi hela yangu ya kula na ya ada za watoto inatoka kwenye hiyo oveni. Wiki sita sina. Kama kuna mtu amekutana na tatizo hili naomba anielekeze, hata kama ni kuniambia kweli nitupe. Nina mpwa wangu amesoma umeme VETA, mkono wake ni mzuri ila saa za oveni hajawahi kuzigusa.

#2 Mtoto wa Makorora

Pole sana dada. Kabla hujafika mbali, angalia kama kuna neno AUTO linapepesa kwenye hiyo saa. Mimi nilikaa wiki tatu bila oveni baada ya umeme kukatika usiku. Taa ya ndani inawaka, feni inazunguka, joto hakuna. Nikaita fundi wawili. Kumbe saa ikishapoteza muda inajifunga, inasubiri uiambie kwamba unapika kwa mkono na si kwa kuipangia muda. Kwenye yangu nilibonyeza vitufe viwili vya katikati kwa pamoja, nikashikilia, AUTO ikazima, kikatokea kialama cha mkono. Oveni ikapata moto palepale.

Vitufe vinatofautiana jiko kwa jiko, kitabu chake kinaeleza. Kama kitabu kimepotea, jaribu jozi jozi, hutaharibu kitu. Nimeona watu wameuza majiko mazima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya hiyo AUTO tu, na inaniuma.

#3 Keki za Raskazone

Asante kaka. AUTO naijua, na kila umeme ukikatika huwa naitoa. Safari hii naitoa, mkono unatokea, nikizungusha oveni tu inaanza ile tik tik na kila kitu kinarudi mwanzo.

#4 Fundi Saketi

Dada, usinunue jiko na usinunue saa kwanza. Nijibu haya:

Namba ni nyekundu kabisa, au ni za kijani-buluu ndani ya kioo chenye vijiwaya vyembamba kama nywele? Oveni ikiwa imezimwa, namba zinakuwa angavu kidogo kuliko ikiwashwa? Zimefifia zote sawasawa, au kuna vipande vya namba vinakosekana, kwa mfano 8 inasomeka kama 6? Na je, umewahi kuangalia kile kiplastiki cha mbele ya namba kama kimekuwa cha njano? Mara nyingine namba ni nzima, ni kiplastiki kimeungua kwa mvuke na mafuta, mtu anabadilisha saa bure.

#5 Keki za Raskazone

Nyekundu kabisa. Oveni ikizimwa ni hafifu ila zinasomeka usiku, ikiwashwa zinazama. Zimefifia zote sawa, hakuna kipande kinachokosekana. Kiplastiki kina ukungu kidogo, nimekifuta kwa siki, hakijabadilika sana.

#6 Fundi Saketi

Basi nina imani kubwa saa yako ni nzima na imekosa chakula. Nitaeleza kwa kirefu ili mpwa wako aelewe anachokitafuta, asibadilishe vitu kwa kubahatisha.

Ndani ya saa nyingi za namba nyekundu hakuna transfoma. Umeme wa nyumba, volti 230, unapita kwanza kwenye kapasita moja kubwa ya boksi, ya njano au ya kijivu, yenye maandishi X2. Kapasita hiyo inafanya kazi ya koki ya maji, inaruhusu mkondo mdogo tu upite, na mkondo huo unategemea ukubwa wa kapasita. Kwa umeme wetu wa hezi 50, kapasita ya maikrofaradi 0.47 inapitisha kama miliampia 34. Baada ya hapo kuna daiodi za kunyoosha umeme, kapasita ya duara ya kuutuliza, na daiodi ya zena ya kuuzuia usivuke, mara nyingi volti 24. Chipu na namba zinakula kidogo. Mlaji mkubwa ni relei, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye oveni. Relei ndogo ya volti 24 inataka miliampia 15 hadi 20.

Hiyo kapasita ya X2 ndani ni utando wa plastiki uliopakwa metali nyembamba mno, ukakunjwa. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, cheche inatoboa utando, metali iliyozunguka tundu inaungua na kujitenga, na kapasita inaendelea kuishi. Imeundwa hivyo makusudi, isishike moto. Lakini kila tundu linapunguza eneo, kama kanga inayoliwa na nondo. Na unyevu unaila metali ile kuanzia pembeni. Miaka inapita, 0.47 inakuwa 0.35, inakuwa 0.25. Kwa nje boksi ni zuri, halijavimba wala kuungua, ndiyo maana mafundi wanaliruka.

Sasa angalia dalili zako. Mkondo umepungua, namba zinafifia. Ukiwasha oveni, relei inavuta, volti zinaporomoka, relei inaachia, volti zinapanda, relei inavuta tena. Hiyo ndiyo tik tik yako. Volti zikizama sana chipu inasahau saa, unaona 0:00.

Mpwa wako aitoe hiyo kapasita na aipime kwa mita yenye kupima kapasita. Ikiwa imeandikwa 474, maana yake 0.47. Ikisoma chini sana ya hapo, amepata mwizi. Wakati huohuo abadilishe na ile ya duara, kwa sababu joto la oveni huikausha. Achukue iliyoandikwa nyuzi 105, si 85, na volti zisiwe chini ya za ile iliyokuwapo. Mstari wa pembeni ni upande wa hasi, asikosee.

Mambo mawili sitaki yakosewe. Kapasita mpya lazima iwe na alama X2, ya volti 275 au zaidi. Kapasita ya kawaida ya volti 400 itafanya kazi leo, na siku ikifa inaweza kuwaka moto. Na asiweke kubwa zaidi akidhani ataongeza mwanga. Ziada yote itaangukia kwenye ile zena na kuichoma.

#7 Kisauni Mpya

Sikizeni jamani, mimi niko Mombasa. Yangu ilikufa saa vivyo hivyo, stima zikipotea na kurudi. Fundi akang'oa nyaya mbili nyuma ya saa, akaziunganisha, oveni ikapika. Mwaka wa pili huu. Saa imebaki giza na mimi sina haja nayo. Kwa nini dada ahangaike na vikapasita na ana oda?

#8 Fundi Saketi

Ndugu yangu wa Kisauni, hiyo njia ipo na kwa mwenye oda ya harusi inaweza kumvusha. Ila naomba niiwekee mipaka, maana nimeshaona jikoni palipoungua.

Inafaa tu kwenye jiko ambalo joto linatawaliwa na nobu ya kuzungusha yenye themostati yake, ile swichi inayokata joto likifika kiwango. Pale saa ni mlango tu, ukiunganisha zile nyaya mbili umeuacha mlango wazi, themostati bado inakata. Lakini kama joto linapangwa kwenye skrini hiyohiyo, kwa vitufe, basi bodi, kile kibao chenye saketi za saa, ndiyo inayosoma joto. Ukiiruka, hakuna wa kukata. Koili itawaka mpaka kitu kiyeyuke. Hapo usiunganishe kabisa.

La pili ni unavyounganisha. Oveni ya wati 2,500 inavuta karibu ampia 11, kwa muda mrefu, mahali penye joto. Konekta nyeupe ya plastiki huyeyuka hapo. Kusokota nyaya na kufunga soloteipu ni hatari. Tumia konekta ya kauri, au terminali ya kubana iliyobanwa kwa koleo lake, na waya wa kuhimili joto. Nakushauri uifungue yako uangalie pale walipounganisha, kama plastiki imebadilika rangi, irudie.

#9 Kisauni Mpya

Nimefungua asubuhi hii baada ya kuzima mein. Ni konekta ya plastiki, upande mmoja umekuwa kahawia na skrubu imelegea. Shukrani sana. Naenda kutafuta ya kauri.

#10 Mvuta Nyaya Dodoma

Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, bodi si fani yangu, ila kuna jambo kuhusu usalama ambalo mpwa wa dada lazima alisikie.

Saa isiyo na transfoma haijatengwa na umeme wa nyumba. Hata pale bodi inaposema volti 5, hizo ni volti 5 juu ya waya wenye 230. Ukigusa popote ikiwa imewashwa, umegusa umeme wa ukutani. Na usijipe moyo kwa kuwa nyumba ina ile breka ya kukata umeme ukivuja. Hiyo inakata umeme ukipita mwilini kwenda ardhini. Ukishika laini kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono mwingine, breka inakuona kama globu tu, haikati.

Kwa hiyo asizime kwenye swichi ya jiko peke yake. Azime mein, apime kwa testa kwamba kweli hakuna, tena aipime testa yenyewe kwanza kwenye soketi iliyo hai ajue ni nzima. Afunge na mtungi wa gesi, maana paneli ikivutwa bomba za gesi ziko nyuma yake. Baada ya kuzima asubiri dakika chache. Kuna rezista inayoimwaga ile kapasita, lakini rezista nazo hufa, apime miguu yake kabla ya kuishika. Na akirudisha umeme kujaribu, paneli iwe imefungwa, mikono mbali.

#11 Keki za Raskazone

Nimewasoma wote. Nimemsomea mpwa wangu kwa sauti, sehemu ya usalama mara mbili. Kesho Jumapili anakuja. Nitaleta mrejesho.

#12 Keki za Raskazone

MREJESHO.

Tumeanza saa 3 asubuhi. Tumezima mein, tumefunga gesi, tumepima. Tumelivuta jiko kutoka ukutani. Bati la nyuma lina skrubu kumi na moja, mbili zimeshika kutu kabisa kwa chumvi ya hewa ya huku baharini, tukaziwekea mafuta tukanywa chai kwanza.

Mpwa alipiga picha za nyaya kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja, kisha akaandika namba kwenye vipande vya karatasi akavibandika. Saa yenyewe ni kijiboksi cha plastiki kama kisanduku cha sabuni, nyuma ina miguu minne. Miwili inaleta umeme, miwili ni ya relei, na hiyo miwili ya relei ina waya mnene zaidi. Kimeshikiliwa na ndoano za plastiki ambazo kwa joto zimekuwa kama biskuti. Moja ilivunjika hata kabla hajaibana.

Tulipofungua ndani nilishtuka. Kulikuwa na mayai ya mende kwenye kona, na utando wa mafuta yaliyochanganyika na vumbi, njano, unanata. Kwenye mwanga wa tochi ya simu tukaona boksi la njano, limeandikwa 474 na 275 na X2, safi kama jipya. Nilikata tamaa nikamwambia mpwa, "Hii mbona nzima?" Akanijibu, "Shangazi, tusiulize macho, tuulize mita."

Alipima miguu yake kwanza, haina kitu. Akapasha risasi ya kulehemu, akaifyonza kwa pampu ya kufyonzea, akainyanyua upande mmoja, halafu mwingine. Akaiweka kwenye mita.

0.19.

Akapima tena, akabadilisha nyaya za mita, 0.19. Nilikaa chini. Kapasita ndogo kuliko kiberiti ndiyo imenifanya nimwage mkate, nikose usingizi, karibu nitoe jiko la mwaka wa saba kwa chuma chakavu.

Ile ya duara imeandikwa 220 na volti 35, kichwa chake kimetuna kidogo, ukipitisha ukucha unahisi. Ilipopimwa, ikasoma 61.

Leo maduka ya spea yamefungwa. Kuna bodi ya zamani ya mashine ya kufulia kwa jirani, ina kapasita ya X2 kama hii. Je, tuitumie?

#13 Fundi Saketi

0.19 inapitisha kama miliampia 14. Relei peke yake inamaliza zote. Mpe hongera kijana, amefanya kazi safi, na hiyo ya kuuliza mita nitaitumia kwa wanafunzi wangu.

Ya kwenye mashine ya kufulia, ipimeni kwanza. Ikisoma 0.45 au zaidi itakuvusha, lakini nayo ina miaka yake, nunueni mpya wiki hii. Ni kitu cha shilingi elfu moja au mbili, usikiwekee ubahili. Ukikosa Tanga, agiza Kariakoo, mtu wa basi atakuletea kesho yake. Chukueni mbili au tatu. Umbali wa miguu upimeni kwa rula, milimita 15 au 22 na nusu, zisije zikakataa kuingia.

Wakati bodi iko nje, aigeuze aangalie risasi kwenye miguu ya relei na ya ile miguu minne ya nyuma, kwa lenzi au kwa kamera ya simu akiikuza. Anatafuta pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu. Ni ufa. Relei inapiga kila siku, jiko linapashika na kupoa, risasi inachoka. Akiiona aipashe upya na kuongeza risasi kidogo. Hayo mafuta na uchafu wa mende ausafishe kwa spiriti safi na mswaki laini, aache vikauke kabisa. Uchafu ule unapitisha umeme hewa ikiwa na unyevu.

Na nina swali kwako dada, kwa sababu sipendi kubadilisha kapasita bila kujua kilichoiua. Mafuta na mvuke mwingi kiasi hicho umefikaje ndani ya saa? Angalia mpira wa mlango wa oveni.

#14 Ngisi wa Pangani

Samahani kudandia uzi. Yangu ni zile namba za kijani-buluu, kioo chenye vijiwaya kama nywele. Zimefifia, usiku tu ndiyo naziona. Oveni inapika vizuri, hakuna tik tik. Nayo ni kapasita?

#15 Fundi Saketi

Ndugu, hiyo ni kioo cha aina nyingine kabisa. Ndani hakuna hewa. Vile vijiwaya vinapashwa moto kidogo, vinatoa elektroni, elektroni zinapiga unga uliopakwa kwenye umbo la namba, unga unang'aa. Unga ukizeeka unapoteza mng'ao, na hakuna dawa. Utaona vipande vinavyowaka muda mwingi, kama vile vya nukta mbili za katikati, vimefifia zaidi ya vile vinavyowaka mara chache. Ukiona hivyo, ni uzee wa kioo, na kwa kuwa oveni inapika salama unaweza kuishi nayo.

Ila ikiwa vipande vyote vimefifia sawa, au upande mmoja wa kioo ni angavu kuliko mwingine, pima. Kioo hicho kinataka volti chache za kupashia vijiwaya na volti kama 20 hadi 30 za kuvuta elektroni. Kapasita za duara zikikauka, volti hizo zinashuka, na hapo inatibika. Wakati wa kupima bodi ina umeme, kwa hiyo hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, si ya kujaribia.

#16 Ngisi wa Pangani

Nukta mbili karibu hazionekani kabisa, namba ya kwanza ya kushoto inayowaka kuanzia saa 4 asubuhi ina mwanga zaidi kuliko nyingine. Basi ni uzee. Asante, nimeokoa hela ya fundi.

#17 Keki za Raskazone

MREJESHO WA PILI, niwie radhi kwa kuchelewa, harusi ilinimeza.

Ya mashine ya kufulia ilisoma 0.44. Mpwa akasema hataiweka, hataki nipate shida katikati ya kuoka. Jumatatu asubuhi alipata mjini, mpya, X2, volti 310, shilingi 1,500. Nikanunua tatu. Ya duara ya nyuzi 105, shilingi 500. Na kweli kwenye mguu mmoja wa relei kulikuwa na ile pete nyeusi, kwa macho sikuiona, kwa simu akikuza ikaonekana kama ufa kwenye sufuria ya udongo. Amepasha miguu yote. Amesafisha kwa spiriti mpaka mswaki ukatoka mweupe. Ndoano iliyovunjika amefunga kwa waya mwembamba wa chuma, mbali na bodi.

Tulifunga kila kitu, mikono mbali, akawasha mein. Namba zilitoka nyekundu ya damu. Nilikuwa nimesahau kwamba saa ile ilikuwa na mwanga huo. Nikatoa AUTO, nikazungusha oveni nyuzi 180. Tik moja. Moja tu. Namba hazikutikisika.

Kuhusu mpira wa mlango, Fundi Saketi Mungu akubariki. Nilipitisha kidole, kona ya juu kulia umekatika kabisa, nafasi ya kupita kalamu, juu yake tu ndiyo ilipo saa. Mimi huoka keki za maziwa kwa kuweka sinia la maji chini, mvuke wote ulikuwa unapanda pale mwaka mzima. Naliona sasa na bati la paneli limebadilika rangi kona hiyohiyo, nililifuta kila wiki nikidhani ni moshi. Mpira unashikwa kwa ndoano nne tu za kona, nimebadilisha mwenyewe bila bisibisi. Wa jiko langu haukupatikana, nimenunua wa mita, wa kuhimili joto la oveni, nikapima na kukata.

Keki ilitoka. Ngazi ya chini sentimita 35, imeiva sawasawa mpaka katikati.

#18 Mtoto wa Makorora

Hongera sana dada. Sasa nimeenda kuangalia yangu baada ya kukusoma. Nayo ni nyekundu, inapika, lakini nikiwasha oveni namba zinashuka kidogo. Nilidhani ni kawaida.

#19 Fundi Saketi

Si kawaida. Ndivyo ya dada ilivyoanza. Bado una muda, ila usingoje umeme mwingine wa kishindo.

#20 Keki za Raskazone

Makorora si mbali. Niliponunua tatu nilitumia moja, mbili zipo kwenye droo ya vijiko. Angalia kama yako imeandikwa 474, halafu njoo uchukue moja. Mpwa wangu yupo hapa Jumapili kuanzia saa 4.